Kiganja cha Juma

Arua, Alhamisi, 1977

Nimenawa kwa sabuni mara tatu, bado nasikia harufu ya damu.

Leo nimemwosha Juma, jirani yangu dereva wa lori. Jana polisi alimpiga risasi kwenye kizuizi cha barabara ya Koboko. Eti alikuwa anakimbia, na mkubwa wa polisi huyo ameridhika. Lakini risasi ilipasua kiganja ndipo ikazama kifuani. Anayekimbia hakingi kifua kwa mkono.

Makaburini shehe akauliza, kama kawaida, "Huyu iko mutu gani?"

"Mutu muzuri," tukajibu.

Sauti kubwa kuliko zote ilitoka nyuma yangu. Nikageuka. Polisi yule yule, bunduki begani.

Nami, niliyeziba kile kiganja kwa pamba, nikasogea kumpisha atie udongo.