Maziwa ya Baraka

Jumanne, 8 Julai
Nimeanika kahawa, ingawa wingu limekaa juu ya Meru tangu asubuhi. Elinami bado anakohoa. Chupa ya pili ya dawa imeisha. Akipumua kuna mlio kama filimbi. Miaka miwili tu, mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu Anaeli, yuko kazini shamba la maua Usa River. Mimi ndiye ninayelala naye. Sina amani.

Alhamisi, 10 Julai
Amepigwa picha ya kifua. Daktari akauliza mtoto alichezea nini. Hapo nikakumbuka. Tulikuwa tunachambua buni, punje za kahawa, akapaliwa. Nikampiga mgongoni, akatulia. Nikadhani yameisha. Kumbe buni iko kwenye njia ya hewa. Tunapelekwa hospitali kubwa mjini.

Ijumaa, 11 Julai
Watamlaza kwa dawa ya usingizi, wapitishe mpira wenye kamera kooni, waitoe buni. Daktari alisema ukweli wote. Wengi hutoka salama. Lakini hewa inaweza kushuka, koo kuvimba, damu kutoka. Kuiacha ni hatari zaidi. Anaeli akatia sahihi. Mimi nikatoka nje. Tumerudi nyumbani mpaka Jumatatu. Siku hiyo asile wala asinywe kitu.

Jumatatu, 14 Julai
Mama mkwe wangu alikuja alfajiri na kibuyu cha maziwa. Hakubali mtoto aende kwenye jambo zito bila baraka. Alimpulizia kifuani, akampa anywe funda moja. Elinami alikuwa na njaa, akang'ang'ania kibuyu. Sikumnyang'anya. Nilijiambia maziwa ya baraka si chakula.

Hospitali nesi akauliza, "Amekula?"

Anaeli akawahi, "Hapana." Akaninong'oneza, "Mama nyamaza, watatuahirisha."

Nikamwangalia mtoto anavyovuta hewa kwa mbavu. Nikamwambia nesi, "Mwanangu, amekunywa maziwa. Mengi."

Nesi hakunigombeza. "Umefanya vizuri kusema, bibi. Angetapika akiwa usingizini, yakaingia kwenye mapafu."

Tumelazwa mpaka kesho. Anaeli haongei na mimi. Mtoto akizidiwa leo, ni mimi. Ee Mungu, ni mimi.

Jumanne, 15 Julai
Wamemchukua analia. Nimeanza Baba Yetu mara tatu, kila mara naipoteza katikati. Anaeli alisimama mbali, dirishani. Naogopa hata kuandika.

Baadaye. Daktari katoka shati limelowa. Hewa ilishuka, wakasimamisha kazi, wakampa oksijeni, ikapanda, wakaendelea. Buni imetoka.

Jumatano, 16 Julai
Elinami sauti imemkauka. Wanasema ni uvimbe kidogo, utapungua, ila wanamwangalia. Anaeli kaniletea chai. Alikaa kitandani karibu yangu, akaniegemea, akasinzia. Nilifumba macho nisali vizuri, maana nilikuwa na mengi ya kusema. Likaja neno moja tu, asante. Nikaliacha hivyo hivyo.