Karatasi za Kasha la Babu

Musoma, 14 Septemba 1987

Kwa Bibi yangu mpendwa, Mwanaharusi,

Shikamoo Bibi. Mguu wako unaendeleaje? Na Baba, bado anashonea pale barazani? Mimi ni mzima, ninakula na kusoma vizuri. Nimeandika kwa herufi za Kiarabu ulizonifundisha jikoni ukichambua mchele, ili usome mwenyewe bila kumpa Baba akusomee. Sababu utaiona.

Mwezi uliopita Mwalimu Nyamburi alitupeleka Dar es Salaam, kwenye maktaba ya Chuo Kikuu. Mtunzaji wa hati za kale, Bwana Stanislausi, alitutaka tunawe mikono kwanza, na tusilambe kidole tunapofunua. Akatufunulia hati ya herufi za Kiarabu, akauliza nani anaweza kuisoma. Nikasoma mistari miwili ya shairi, Kiswahili kitupu. Rafiki yangu Boke akaninong'oneza kwamba kumbe nilikuwaga shehe siku zote nikamficha. Bwana Stanislausi alitaka kujua nimefundishwa na nani. Nikasema, na Bibi yangu wa Bunda. Akavua miwani, akaniambia nikufikishie ahsante yake. Hiyo nimeifikisha, yangu ni kubwa zaidi.

Kisha akasema hati nyingi hupotelea majumbani, kwa mvua na kwa mchwa. Hapo nilishindwa kumtazama.

Bibi, mwaka ule wa kukosa kila kitu, shuleni walikuwa wakiturudisha nyumbani kama madaftari hayana kava, na karatasi za kaki hazikuwapo dukani. Nilifungua kasha la Babu nikachukua karatasi nne, zile za mashairi aliyokuandikia kabla hajakuoa. Nikafunikia madaftari, maandishi yakiwa ndani. Wewe ulipozikosa ulilia, ukasema ni mchwa, ukalimwagia kasha zima mafuta ya taa uliyoyapangia foleni tangu alfajiri. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Madaftari yale ninayo. Tuliporudi niliyabandua makava polepole. Karatasi tatu ni nzima. Moja imechanika pembeni, lakini inasomeka. Bwana Stanislausi, nilipomweleza kabla ya kuondoka, aliomba azinakili kisha azirudishe. Nilimjibu kwamba mwenye ruhusa ni wewe.

Desemba nitakuletea mwenyewe, mkononi. Kasha la Babu halijapata kuwa na mchwa, Bibi. Mchwa nilikuwa mimi.

Msalimie Baba na wote wa barazani. Hata kama ni kunigombeza, niandikie kwa mkono wako.

Mjukuu wako anayekushukuru,
Mwamvita Salum