Torleiv Amenishtaki kwa Mungu

Gunnvor rafiki yangu, leo sina pa kuuficha uso.

Tulikuwa nyumba ya maombi, tumekaa duara, kila mtu anaomba kwa zamu. Zamu yangu nikajitutumua: "Bwana, majibu ya vipimo vya mapafu ya Torleiv nimeyaacha mikononi mwako. Nalala fofofo."

Fofofo. Nilisema fofofo, Gunnvor.

Anayefuata nani? Torleiv mwenyewe, mume wangu. "Baba, msaidie Ingvild apate usingizi. Usiku kucha yuko jikoni anaoka keki na kulia."

Nikamkanyaga.

"Na umtulize, Baba, maana sasa hivi ananikanyaga."

Nawe unajua, anayeomba hakatizwi. Nikabaki nimefumba macho kama kuku aliyenyeshewa.

Halafu bibi Borghild, yule jirani yangu asiyecheka hata harusini: "Bwana, mimi pia silali tangu mzee wangu afariki. Nilidhani niko peke yangu."

Wakati wa kahawa akanivuta kando. "Nikiona taa yako nitakuja. Wewe utakoroga unga, mimi nitaomba."

Sasa ni usiku, Torleiv anakoroma huko chumbani. Mimi nimewasha taa ya jikoni.