Mama Mkwe Ameng'oa Nyasi Zangu

Machakos, Jumamosi, Februari 2009

Jua la leo halina huruma. Saa nne asubuhi mabati yalikuwa yameshaanza kulia kwa joto, na mimi nina hasira ambayo sijui niimwage wapi. Basi naimwaga hapa.

Mama mkwe ameng'oa nyasi zangu.

Zote, kuanzia mlangoni hadi kwenye geti. Alikuja kututembelea, na Jumatano nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameinama na jembe anamalizia kipande cha mwisho, na nyuma yake udongo mwekundu mtupu, umefagiwa vizuri. Akanipokea kwa furaha, kama mtu aliyenipikia.

"Mama Mumo, nimekusaidia. Hii nyasi ndio ilikuwa inaletea mtoto kifua. Na nyoka je?"

Nikamwambia asante. Asante! Mpaka sasa najishangaa.

Mumo ni mtoto wetu. Ana miaka minne na ana pumu. Daktari alituambia adui yake mkubwa ni vumbi, na ua wetu ulikuwa vumbi tupu, ndiyo maana nikapanda nyasi. Wala sikukurupuka. Nilianza na nyasi za Kikuyu kwa sababu ndizo nilizoziona kwa watu Nairobi, lakini joto la huku likazibabua zikaisha. Mama anayeuza miche akanionyesha pemba, zenye majani mapana, zinazotambaa zenyewe na kuvumilia jua. Nikazipanda mvua za Novemba zilipoanza, shina moja moja, nimepiga magoti. Mvua ilipokatika nilizinywesha maji ya kusuuzia nguo.

Hata kuzikata nilizikata mwenyewe. Mume wangu akishika slasha ananyoa mpaka udongo unaonekana, kama walivyokuwa wakifanya shuleni wakipewa adhabu. Ukizinyoa hivyo kwenye jua hili, mizizi inaungua. Mimi nilisubiri jioni, nikanoa slasha, nikapunguza ncha tu. Krismasi Mumo alicheza nje siku nzima bila kukohoa hata mara moja. Nilisimama mlangoni nikalia kwa furaha.

Sasa vumbi limerudi. Kila alfajiri mama mkwe anafagia ua kama wanavyofagia kwao Ndithini, ambako nyasi mlangoni ni dalili ya nyumba isiyo na mwenyewe. Majirani wakipita wanamsifu. Mmoja nimemsikia kwa masikio yangu akisema sasa hii boma inaonekana iko na mwanamke.

Na mimi miezi yote hii nilikuwa nani?

Mume wangu nilimweleza tukiwa wawili tu. Akacheka. "Si ni nyasi tu? Itamea." Kisha akaniomba nisimuudhi mama yake. Hilo liliniuma kuliko jembe lenyewe.

Kibaya zaidi ni kwamba kumchukia siwezi. Anampenda Mumo. Jana kifua cha mtoto kilipoanza kukoroma na dawa ya kuvuta ikamtuliza kidogo tu, yeye ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akalala. Nilijaribu kumweleza habari ya vumbi, kwa upole, kwa Kiswahili na kwa Kikamba. Akanitazama kwa huruma. Watoto wake wote walikulia kwenye vumbi, na hakuna aliyeumwa kifua.

Leo alikuwa arudi kwao. Mkoba ulikuwa umeshafungwa. Lakini asubuhi alifagia tena, ili atuachie ua safi, na Mumo akakohoa mpaka akatapika chai. Mama akaufungua mkoba, akatoa leso zake moja moja, akazirudisha kitandani. Amesema haendi Ndithini mpaka kifua cha mtoto kipone.

Kesho naamka kabla yake, na ule ufagio nautia motoni. Wakisema Mama Mumo hana adabu, waseme.