Upanga wa Babu Haupo Ngomeni

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye nimekuzidi basi nirudishie, maana kwa hali niliyo nayo sichagui heshima. Naomba msaada, tena wa haraka, kwa sababu Ijumaa ya wiki ijayo familia yangu nzima inapanda basi kwenda kulala siku mbili katika mji wa kale nilikozaliwa, safari ambayo baba yeyote mwenye akili timamu angeifurahia, na mimi tangu itangazwe sijala nikashiba.

Kazi yangu ni kuchonga mawe. Nachonga vibao vya milangoni, majina ya maofisi, na zaidi mawe ya makaburini. Mke wangu ni muuguzi. Tuna binti wa miaka kumi, nyumbani tunamwita Kiranja kwa sababu ndiye anayetuongoza sote, na kitindamimba wa miaka mitano ambaye hulala amekumbatia upanga wa mbao. Huo upanga haukuja bure, nitakueleza.

Yalianza miaka miwili iliyopita, Kiranja aliporudi kutoka shule mdomo umemning'inia, nikamuuliza kulikoni mwanangu, akasema mwalimu amewataka waeleze babu zao walikuwa nani, na babu wa mwenzake wa dawati alikuwa rubani, wa mwingine jaji, na yeye alipofikiwa akasema hajui, darasa zima likacheka, na kesho anatakiwa arudi na jibu, na mimi nikayatazama yale machozi, mshauri, nikafungua mdomo nikasema babu yako alikuwa jemadari. Ndiyo. Jemadari wa mwisho wa ngome kuu ya mji wa kale. Sijui lilitoka wapi. Lilitoka tu, tena kwa sauti nzuri.

Ningeishia hapo ningepona, lakini watoto unawajua, wakataka kujua alipanda nini, nikasema farasi mweupe, alipigana na nani, nikasema maadui, walikuwa wangapi, nikasema mia tatu, Kiranja akauliza watu mia tatu walienea vipi kwenye ngazi moja, nikawapunguza hadi themanini kwa kuheshimu hesabu, na upanga wake uko wapi, nikasema uko palepale ngomeni ndani ya kabati la kioo, na hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe, kwa sababu kitu kilichomo kwenye kabati la kioo mtoto lazima atataka kukiona.

Ukweli ni huu. Baba alikuwa mfagiaji wa ngome. Miaka thelathini na moja alifagia kinyesi cha popo kwenye ngazi na vyumba vya ngome ile kabla geti halijafunguliwa, na jioni alirudi nyumbani akinuka popo, sabuni au bila sabuni. Shuleni niliitwa Mtoto wa Popo mpaka siku namaliza. Siku moja nilisahau kasha langu la penseli, Baba akaliona, akanifuata nalo darasani na fagio lake begani, wenzangu wakaniuliza huyu ni nani, nikasema simjui, labda amekosea darasa, na alisikia, mshauri, kwa sababu aliliweka lile kasha dirishani akaondoka bila kuniita jina. Hatukuwahi kulizungumza. Alifariki mwaka mmoja kabla sijaoa.

Mke wangu naye, wakati wa uchumba, nilimdokeza kwamba Baba alikuwa na madaraka ngomeni. Si uongo kabisa, funguo alikuwa nazo. Kwa hiyo siku Kiranja alipokuja na jemadari wake, mama yake akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayesema nilijua.

Sasa mke wangu amepata likizo na ameamua watoto wauone mji wa baba yao. Miaka yote nilikuwa nakwepa, mara mvua, mara kazi, mara barabara, safari hii sababu zimeniishia. Kiranja ameandika ratiba kwa kalamu tatu za rangi na kuibandika kwenye friji. Jumamosi saa tatu asubuhi: Upanga wa Babu, picha, hotuba yangu dakika nne. Saa sita: chakula. Saa saba: mdogo wangu alale, hataki lakini lazima. Jumapili saa tatu: maua kwenye kaburi la Jemadari. Mwalimu wake ameshamwambia alete picha ya ule upanga wabandike ukutani darasani. Mama mkwe wangu amejialika mwenyewe na ameshona gauni la zambarau la kupigia picha kwenye kabati la kioo, na majirani amewaambia kwamba wakwe zake ni watu wa ngomeni.

Halafu kuna shangazi yangu, dada yake Baba, ndiye tutakayelala kwake. Mke wangu alimpigia simu akiwa ameweka sauti ya wote kusikia, na shangazi akasema njooni wanangu, kuna kitu cha kaka yangu nimekitunza nyuma ya mlango, nataka wajukuu wakione. Watoto wakaruka mpaka kiti kikaanguka, wanasema ni upanga wa pili! Mimi najua nyuma ya mlango wa shangazi kuna nini. Kuna fagio.

Na hilo kaburi, jamani. Halina jiwe. Lina tofali moja tulilolichomeka siku ya mazishi, na huu ni mwaka wa kumi na mbili. Nimewachongea mawe watu ambao hata majirani zao hawakuwajua, nimeandika "alipendwa na wote" juu ya watu niliokuwa nawajua vizuri, lakini nikishika patasi kwa ajili ya Baba mkono haushuki, sijui niandike nini.

Basi nimefanya jambo. Nimechonga kibao cha marumaru nyeupe, urefu wa mkono hadi kiwiko, herufi za dhahabu: HAPA NDIPO ALIPOSIMAMA PEKE YAKE JEMADARI WA MWISHO WA NGOME HII. Kusema kweli kimetoka vizuri. Nimepanga Alhamisi nitangulie, niage kwamba nampelekea mteja jiwe, nikakibandike kwenye ukuta wa ngome kwa gundi ya vigae, na kuhusu upanga nitasema umepelekwa kufanyiwa matengenezo. Nishauri: niende nikakibandike, au nijifanye mgonjwa safari ife? Ila ujue mara ya mwisho nilipojifanya mgonjwa mke wangu alinichoma sindano mbili. Mimi ninachoogopa si ngome wala mama mkwe, naogopa uso wa Kiranja akijua. Yule mtoto huniamini hata ninaposema dawa si chungu.

Tafadhali usitoe jina langu, maana mama mkwe huusoma ukurasa huu kila Jumatano kwa sauti, na panapomfurahisha huparudia.

Ni mimi, Mtoto wa Jemadari.

MSHAURI ANAJIBU

Mtoto wa Jemadari, marahaba. Nimekuzidi, tena kwa mengi.

Kwanza nikupongeze. Watu hupeleka watoto mji wa kale na chupa ya maji na kofia, wewe unawapeleka na kibao cha kughushi. Hebu tukitazame kisa chako kama mtu mzima anavyokitazama. Marehemu amefariki miaka kumi na miwili iliyopita, wakati watu wana simu mfukoni, na kumbe alikuwa akipigana na watu themanini ngazini, kwa upanga, juu ya farasi. Farasi mwenyewe alipandaje ngazi? Shukuru Kiranja hajaliuliza hilo. Ataliuliza. Na sindano mbili, baba, zilikuwa chache.

Na hii gundi ya vigae! Mchonga mawe mzima, uliyeweka mawe kwenye makaburi ya mji mzima, unataka kubandika marumaru kwenye ukuta wa mamia ya miaka kwa gundi ya bafuni. Umefikiria mlinzi akikukuta? Watoto watafika Jumamosi na ratiba yao ya rangi tatu, waambiwe jemadari wa mwisho yupo kweli, yuko kituo cha polisi tangu Alhamisi. Kibao hicho hakitakwenda ngomeni. Tusirudie.

Jambo la pili, umeniomba nisitoe jina lako. Sijalitoa. Lakini mchonga mawe mwenye mke muuguzi, binti anayeitwa Kiranja na mkwe mwenye gauni jipya la zambarau, unadhani huyo mama atahitaji jina? Ataanza kusoma akicheka, akifika kwenye gauni atarudia. Gazeti linatoka Jumatano. Ndiyo maana nimekutumia jibu hili kwenye anwani yako ya barua pepe leo Jumamosi. Una siku nne, na nimekupa nyingi.

Usinielewe vibaya, nakuhurumia. Mtoto wako alikuwa analia, na wewe uliyewahi kuchekwa darasani ulitaka yeye asichekwe. Hapo sina ugomvi nawe. Ugomvi wangu ni kwamba ulimtafutia binti yako babu mwingine wakati wa kwake alikuwepo. Ulipomwambia Kiranja "jemadari", ulikuwa darasani tena pale shuleni, unasema simjui. Ni mara ya pili hiyo. Na kibao ulichokichonga kingekuwa mara ya tatu, kwa herufi za dhahabu.

Sasa sikiliza. Kesho Jumapili mwambie mkeo kwanza, mkiwa wawili, na usijitetee. Ile ya "funguo alikuwa nazo" usithubutu kumtajia, mwanamke anayeshika sindano. Kisha mkalishe Kiranja. Usianze kwa kumpamba babu yake eti alikuwa mtu wa maana hata hivyo, hiyo "hata hivyo" ndiyo sumu yenyewe. Anza na kasha la penseli. Mwambie lilivyowekwa dirishani. Mwambie vilevile ulivyoniandikia mimi, maana hapo tu katika barua yako nzima hukutia chumvi, na hapo tu ndipo nilipoweka miwani chini.

Atakasirika. Tena ana haki, ana mwalimu anayesubiri picha. Huenda asikusemeshe siku mbili. Utavumilia, wewe ulimnyamazia baba yako miaka, si siku. Ila usimwachie shangazi amweleze kwa niaba yako, mpigie simu, mwambie watoto wanajua, na mwombe alitoe lile fagio nyuma ya mlango. Mwanamke aliyetunza fagio la kaka yake miaka kumi na miwili ana mambo mengi ya kusimulia kuliko wewe na farasi wako.

Safari iko palepale. Ratiba ya friji isiguswe, isipokuwa Jumamosi muwahi ngomeni kabla geti halijafunguliwa. Mwombe mlinzi, mwambie wewe ni mtoto wa nani, jina kamili, kwa sauti inayosikika. Pandeni zile ngazi mkihesabu kila moja. Kitindamimba akichoka mbebe, na akiuliza babu alipigana na nani hapa, mwonyeshe popo darini. Wapo mpaka leo, na naamini ni zaidi ya themanini. Hotuba ya dakika nne aitoe mwenyewe Kiranja, kama atataka na kwa maneno atakayoyataka, usimwandikie hata neno. Picha ya ukutani darasani achague mwenyewe, ya ngazi au ya fagio. Na mama mkwe avae gauni lake. Zambarau hupendeza popote, hata pembeni ya fagio.

Inabaki Jumapili saa tatu, maua, na tofali. Unasema ukishika patasi mkono haushuki, hujui uandike nini. Unajua sana. Chukua hicho kibao ulichokichonga, kigeuze. Nyuma ni peupe. Jemadari alale kifudifudi aangalie udongo, anastahili mapumziko. Upande wa juu chonga majina ya baba yako yote matatu, na chini yake: ALIFAGIA NGOME MIAKA THELATHINI NA MOJA. Dhahabu weka ukitaka. "Alipendwa na wote" waachie wateja. Kilaze juu ya kaburi kwa saruji, siyo kwa gundi yako, na watoto wakushikie ndoo.

Kisha acha nafasi ya mstari mmoja. Siku ile darasani wenzako walikuuliza huyu ni nani, na jibu bado unadaiwa. Lichonge hapo, kwa kina, mvua isilifute: HUYU NI BABA YANGU.