Mjomba Aliyeulizwa Mara Mbili

Kahului, Kisiwa cha Maui,
Hawaii

Mdogo wangu Zuhura,

Assalamu alaikum, wewe na wote waliokuzunguka hapo unaposomewa. Waendeleaje? Kifua kimeacha kukusumbua? Mihogo ya mwaka huu imeshika, au ardhi mpya bado inawakatalia? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi hunitangazia mvua kabla ya redio.

Barua yako ilinifikia imechakaa pembe zote, kama mtu aliyekuja njia nzima kwa miguu. Unanieleza kwamba mmehamishwa kutoka ufukweni, sasa mko kijiji kipya upande wa Mpapura, nyumba zimepangwa mistari, na minazi ya mama na mikorosho yake imebaki kule Mnazi Bay, mnaifuata kwa miguu msimu wa korosho ukifika. Zuhura, tangu niliposoma hayo sijui nikufikirie umeketi wapi. Miaka yote nikikuandikia nilikuona kizingitini, bahari iko mgongoni kwako. Sasa nikifumba macho naona mistari ya nyumba tu, wewe sikuoni.

Halafu ukaja kwenye neno lenyewe. Mwalimu Rashidi, mtu wa Ujiji, amemposa mwanao Somoe. Humsemi vibaya. Ni kijana mwenye adabu, tena ndiye anayekufundisha kusoma jioni katika darasa la watu wazima. Lakini serikali inamhamishia kwao Kigoma, naye anataka kwenda na mkewe. Ukaniandikia hivi: "Kaka, bahari ilikuchukua wewe, ardhi imemchukua mume wangu, kijiji kimechukua nyumba. Huyu mmoja usikubali aende. Wewe ndiye mjomba. Sema hapana, watu watakusikia."

Ni kweli. Kwetu baba huzaa, mjomba ndiye husema, na bila neno lake hakuna anayethubutu kupokea posa. Nami ndiye mjomba pekee aliyebaki. Lakini ni mjomba ambaye hajamtia mpwa wake machoni. Nilipopanda meli pale Mtwara, bandari ikiwa bado inanukia rangi, Somoe hakuwa amezaliwa. Ndiyo maana nimekaa na barua yako bila kujibu. Sikukupuuza. Sikujua la kusema, na hata sasa sijui vizuri. Lakini limetokea jambo pwani, limenivuruga zaidi, na katika kunivuruga limenipa kijia cha kupita. Ngoja nikueleze.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba tangu mke wangu afariki, nami nikastaafu kiwanda cha sukari, najitolea katika maktaba ya mji. Ukaniuliza kama tunachimba msingi. Hapana, huku kujitolea si kama kwenu. Hakuna mbiu ya mgambo wala balozi wa nyumba kumi anayetazama nani hakuja na jembe. Tunakaa mezani tunagandisha kwa gundi vitabu vilivyochanika. Wenzangu wote ni vijana, nao wananiita "anko", maana yake mjomba. Si utani. Huku kila kijana humwita kila mzee hivyo, hata muuza samaki, hata dereva wa basi asiyemfahamu. Mwanzoni jina hilo lilinitia hofu; nilijiuliza nimepewa madaraka gani juu ya watoto wa watu. Baadaye nikaona halina madaraka yoyote. Ni kama kofia, unavalishwa ukiota mvi.

Jumamosi iliyopita wakasema twende pwani sote pamoja.

"Tunakwenda kufanya nini?" nikauliza.

Kimo, kijana mnene mwenye gari la mizigo, akanikodolea macho. "Kwenda pwani, anko."

"Nimesikia. Kufanya nini huko?"

"Kukaa."

"Kukaa tu?"

"Na kula," akasema Lehua, msichana ambaye hukaa karibu nami mezani na kunishikia kurasa ninapopaka gundi. "Usijali, anko. Ukichoka kukaa tutakupa kazi."

Sikuelewa, Zuhura. Mimi na wewe tulikwenda pwani kufuata pweza, chaza, chumvi. Mtu aliyekaa mchangani bila shughuli alikuwa mgonjwa, au amefukuzwa na mkewe. Hawa walilala chali juani kwa makusudi, wamejipaka mafuta kama samaki anayesubiri kikaango. Juu yetu ilisimama minazi mizuri, mirefu. Nikainua macho nitafute dafu, sikuona hata nazi moja. Nikauliza ina ugonjwa gani. Wakaniambia haina ugonjwa. Watu wa mji hupanda kuzikata zingali changa, zisije zikawaangukia wageni kichwani. Basi nikakaa chini ya mnazi usio na nazi, nikiwaza minazi ya mama yenye nazi na isiyo na watu.

Lehua akaja akanivika shada la maua shingoni. Kwetu anayevikwa maua ni bi harusi.

"Leo naolewa na nani?" nikamwuliza.

Alicheka mpaka akakaa chini.

Walikuwa wamefukia nguruwe mzima katika shimo la mawe ya moto, wakamfunika kwa majani ya migomba na magunia. Usishtuke. Mimi nilikaa upande unakotoka upepo, na Lehua alinipikia samaki wangu peke yake, amefungwa katika majani, kwenye moto wa mbali, amepasuliwa kwa kisu kipya ambacho kwanza alinionyesha kikiwa bado na karatasi ya dukani ili moyo wangu utulie. Wana pia magimbi yaliyopondwa yakawa kama uji mzito wa kijivu, umechachuka kidogo, huliwa kwa vidole viwili. Hayo niliyala. Mama angeyasifu, kisha angeomba chumvi.

Kabla hatujala Kimo akasimama. Kwao mzee ndiye hubariki chakula.

"Anko, tubarikie chakula. Na ukimaliza utubariki na sisi, mimi na Lehua. Tunaoana, tunahamia Kalifonia. Nimepata kazi ya kuunda meli."

Vijana wakapiga vigelegele vya kwao. Mimi sikupiga. Nimeitwa mjomba, nimeulizwa juu ya ndoa mbele ya watu, na barua yako bado inasema kichwani mwangu. Nikafanya lile moja ninalolijua. Nikavua shada, nikaliweka gotini, nikaanza kuuliza kama mjomba wetu alivyokuwa akiwauliza waposaji barazani.

"Nyumba utaijenga wapi?"

Kimo akacheka. "Kujenga? Tutapanga chumba, anko."

"Na bibi yake Lehua nani atamlimia?" Maana Lehua amelelewa na bibi yake, mwenye shamba la magimbi bondeni.

"Bibi ana friji limejaa. Anko, chakula kinapoa."

"Chakula kitasubiri. Kwa wakwe utakaa ukiwalimia msimu mmoja au miwili?"

"Kimo, leo umekamatwa!" mmoja akapaza sauti nyuma yangu, wakacheka wote. "Mjibu anko! Msimu mmoja au miwili?"

"Na Lehua mwenyewe amesema nini?" nikauliza.

"Lehua? Si huyo hapo, anacheka."

Tukageuka kumtazama. Hakuwa akicheka. Alikuwa anapangusa mchanga mguuni, mchanga ambao haukuwapo tena.

"Hukuniuliza, Kimo," akasema. "Uliniambia."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuna aliyeniomba ruhusa. Watu walitaka dua fupi ili wale, nami nimewaitishia baraza. Nilitamani mchanga unifukie kama yule nguruwe.

Kimo akavua kofia, akaivaa tena. "Haya basi. Nakuuliza sasa."

"Sasa nina njaa," akajibu Lehua.

Kicheko kikarudi, ingawa si chote. Nikaomba dua, wakaitikia amina kwa haraka, nadhani kwa kuogopa nisiongeze swali.

Baada ya kula Lehua akanifuata nilipokuwa nikitembea kando ya maji kulegeza goti.

"Anko, ningekuwa mpwa wako wa kweli, ungesema niende au nibaki?"

Nilifungua mdomo nikitafuta neno la mjomba. Halikuwamo.

"Sijui," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mimi niliugua melini, nikashushwa hospitali hapa, meli ikaenda zake. Kila jema nililolipata huku, na mke wangu ndiye wa kwanza, nililipata kwa sababu sikurudi kwetu. Na kila Idi nakula peke yangu. Sina mizani ya kupimia mambo hayo mawili."

Akanishika mkono. "Ahsante, anko. Bibi anajua, Kimo anajua, padri anajua. Wewe ndiye wa kwanza asiyejua."

Sikufahamu kama nimesifiwa au nimehurumiwa.

Katikati ya juma nilipita bondeni kwa basi. Nikamwona Kimo katika shamba la bibi, tope limemfika magotini, anawalaani mbu kwa sauti, na Lehua amesimama juu ya tuta anamwonyesha mahali aliporuka bila kupalilia. Sikumtuma mimi. Kama watakwenda ama hawatakwenda, sijaambiwa, wala sikuuliza tena.

Niliporudi nyumbani niliitoa barua yako nikaitazama upya. Maneno ni yako, nasikia hata unapovuta pumzi. Lakini mwandiko ni wa Somoe, kama ilivyo tangu amalize darasa la saba. Mtoto aliketi chini, akaandika kwa mkono wake "huyu mmoja usikubali aende", hakufuta hata herufi. Na neno lake mwenyewe hakuliongeza. Nililitafuta pembeni, nikaligeuzia karatasi nyuma, sikuliona. Jina la mwalimu tu ndilo limeandikwa vizuri kuliko maneno mengine yote. Labda ni mapenzi. Labda ni heshima tu anayopewa mwalimu. Mzee akiwa mbali huona anachotaka kuona.

Na sasa hivi ni yeye anayekusomea. Somoe, mwanangu, najua sauti yako imebadilika hapa. Usinijibu. Endelea kusoma.

Nisalimie shangazi yetu wa Kitaya, aliyegoma kuuacha mpunga wake mtoni. Mwambie ukaidi wake naukumbuka kwa mapenzi. Nisalimie kungwi aliyemcheza Somoe, na balozi wenu wa nyumba kumi, mwambie nyumba iliyoko Maui haimo katika kumi zake lakini inamheshimu. Msalimie mwalimu Rashidi. Mwambie leo herufi zake zina kazi.

Maana, Zuhura, chini ya barua yako safari hii sikukuta dole gumba. Nilikuta jina lako, limepinda, lakini limetimia. Kwa hiyo yaliyobaki nimeyaandika kwa herufi kubwa, uyasome mwenyewe, polepole, hakuna anayekuharakisha. Somoe, koma hapa. Mpe mama karatasi, toka nje ukatazame mihogo mpaka akuite.

ZUHURA.
MIMI SIMJUI MWANAO. WEWE UNAMJUA.
MWITE NDANI. MWULIZE.
USISEME LAKO KWANZA.
AKISEMA NABAKI, MJOMBA AMESEMA ABAKI.
AKISEMA NAENDA, RASHIDI AKULIMIE MSIMU MMOJA, KISHA MJOMBA AMESEMA WAENDE.
SIJUI KAMA ATARUDI. MIMI SIKURUDI.
LAKINI YEYE ANAJUA KUANDIKA.
NA WEWE SASA UNAJUA KUSOMA.

KAKA YAKO,
ISSA