Samaki Wako Kwa Kinyozi

Mwanangu,

Nani alikufundisha kumkatia mtoto simu? Mimi sikukufundisha. Ukome.

Baada ya hilo, hujambo? Lile jino limetulia? Sisi huku wazima. Goti langu linauma likijisikia, na binti yako anakula vizuri, viatu vimeshambana tena.

Umesema samaki uliomtumia mtoto wamekataliwa, na likizo huji. Tulia usome. Lile tangi dogo la kioo mtoto alipewa na kinyozi wa hapa nje, aliponunua kubwa la dukani kwake. Akaliweka juu ya kabati, akalijaza maji, akawasha pampu. Kisha kila asubuhi akawa anadondosha humo chembe za chakula cha samaki. Na samaki hamna! Nikamuuliza analisha nini, maji? Akanijibu ndiyo, bibi, analisha maji.

Nikaenda kumwambia kinyozi kuwa amenitia wazimu mjukuu wangu. Akacheka mpaka mkasi ukamtoka mkononi. Akasema uchafu wa samaki ni sumu, na maji mapya hayana vijidudu vya kuila sumu hiyo, lazima vikuzwe kwanza kwa chakula kinachooza humo, la sivyo samaki watakufa. Eti vijidudu vizuri! Maisha yangu yote nimevipiga sabuni. Akampa mtoto sponji chafu ya kwenye pampu yake, kwa kuwa ndimo vinamoishi.

Mtoto akawa anapima maji kwa matone ya dawa kwenye kichupa. Yakigeuka kijani, sumu ipo. Yakiwa njano, imeliwa. Yalipoanza kuelekea njano aliruka nyumba nzima akisema samaki wa mama watakuta kwao pako tayari.

Halafu yakarudi kijani. Siku hizo hizo mwenzako wa kazini akaleta samaki wako kwenye mfuko. Mtoto hata sare hakuvua, akawakimbiza kwa kinyozi wakae kule kwenye tangi kubwa. Wazima wote. Kila akitoka shule anapita kuwasalimu, na yule mnene wa mkia mwekundu anamwita Mama, maana hafungi mdomo.

Ulipomuuliza kwa nini hajawatia tangini, alinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekaa pembeni yake. Ile sponji niliikuta inateleza, inanuka matope. Nikaitoa, nikaifua, nikaianika kambani, ikawa nyeupe kama mpya. Sasa umejua. Mtoto alikubali umkasirikie yeye kuliko kunitaja, na mimi nikaendelea kuchambua mboga. Nimesema, sirudii, na usinipigie simu kunicheka.

Kinyozi ametoa sponji nyingine. Sijaigusa. Jana maji yalikuwa njano.

Jirani anakusalimu, anauliza sufuria yake. Wasalimu wote hapo kwako.

Ni mimi mama yako, na ninakuagiza hivi: likizo uje. Mpitie mtoto, mwende wote kwa kinyozi, na samaki uwabebe wewe. Mfuko uelee kwanza juu ya maji ya tangi letu, samaki wazoee joto lake, na usiufungue mpaka mtoto akuambie.